Chumvi Tuliyoichomea Nyota

Wakati wa vita vya Kagera, mwezi wa Februari, kopo zima la chumvi liliishia motoni katika jiko la Bibi niliyekuwa nikikaa kwake kijijini Nyabusozi. Ilikuwa alasiri, mbele ya watu wazima waliojaa jiko mpaka mlangoni, walioona kwa macho yao na kusaidia kwa mikono yao. Hakuna aliyekuwa amelewa. Tulitaka kujua nyota zimeumbwa kwa vitu gani.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Mabawe, wilaya ya Ngara. Nilipomaliza kidato cha nne nilipelekwa kufundisha shule ya msingi Nyabusozi, wilaya jirani ya Biharamulo, kwa mwaka wa majaribio. Mwaka ukiisha, mwalimu mkuu na Mwenyekiti wa kijiji wangemwambia afisa elimu kama ninafaa. Wakisema sifai, ningefunga sanduku langu la bati na kurudi kwenye migomba ya mama. Migomba sikuichukia. Ila nilikuwa nimekwisha onja darasa, ile namna watu wanavyonyamaza wakati jambo linapowaingia, na sikutaka kuliacha. Hilo ndilo nililokuwa nalo la kupoteza, na nililijua kila asubuhi nikioga.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Nyumba zilisimama kwa mistari, kama zilivyopangwa na maofisa waliokuja na kamba na vigingi, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na shamba dogo lenye migomba isiyozidi urefu wa mtu. Watu walikuwa wamehamishiwa hapo kutoka vilimani na mabondeni miaka michache tu kabla. Kulikuwa na Wasubi, Wazinza, Wahangaza kama mimi, Wasukuma wachache na ng'ombe wao, na familia zilizokimbia kutoka Burundi zikapewa mashamba. Nyumbani kila mtu alisema lugha yake. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha duka la ushirika na cha mkutano, kwa hiyo kila aliyekisema alinyoosha mgongo kidogo.

Mbali na watoto wa mchana, nilipewa darasa la kisomo cha watu wazima jioni. Tuliwasha karabai moja, tukaning'iniza juu ya mlango, na kina mama na kina baba waliotoka shamba la kijiji wakaandika herufi kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Nililipenda darasa hilo kuliko la watoto. Watoto huogopa kukosea. Watu wazima walikosea kwa sauti kubwa na kuchekana.

Kisha vita vikaja. Nyabusozi hatukusikia mzinga hata mmoja, lakini tuliviona kwa namna mbili. Kwanza, malori. Mjini Biharamulo yalipita ya jeshi, mfululizo, kuelekea Bukoba, na yale yaliyozoea kutuletea sabuni, mafuta ya taa na chumvi yakaenda nayo. Vijana wetu wa mgambo walipanda humo wakiimba. Rafu za duka la ushirika zikabaki na viberiti na rangi ya viatu. Pili, giza. Amri ilitoka kwamba jua likizama pasionekane taa wala moto nje, kwa sababu ya ndege. Karabai yetu ikafungiwa stoo.

"Kisomo kisisimame," mwalimu mkuu aliniambia. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi hata siku ya Jumapili. "Wafundishe kwa mdomo."

Nikafundisha kwa mdomo. Tulikaa uwanjani kwenye mabenchi ya darasani, gizani, nikawaambia habari za kuchemsha maji, za choo, za lishe, za mipaka ya nchi. Baada ya majuma machache habari hizo zilikwisha. Ulikuwa ule ukavu mfupi kati ya mvua na mvua, anga limeoshwa, hakuna taa hata moja tangu kwetu mpaka upeo wa macho, na nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kumfanya mtu ainamishe kichwa. Mimi nilitazama kusini, nikaona vitu viwili ambavyo nilikuwa nimeonyeshwa na mwalimu wangu wa sayansi nikiwa sekondari.

"Ndugu zangu," nikasema, "tazameni pale juu ya mlima, chini ya ile nyota kubwa nyeupe. Mnaona kama kiwingu?"

Waliona. Kulikuwa na kimoja kikubwa, na kingine kidogo upande wa kulia, chini zaidi, karibu na mlima.

"Mimi nakiona siku zote," Bibi mwenye nyumba yangu akasema. Alikuwa mjane, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, na alikuja na kigoda chake mwenyewe kwa sababu benchi lilimuumiza. "Kinafanana na moshi wa mtu anayechoma matete kule bondeni."

"Wingu la mvua lingekuwa limekwisha ondoka, Bibi. Lile haliondoki. Ni nyota."

"Nyota ngapi?"

"Mamilioni kwa mamilioni. Ziko mbali mno, ndiyo maana zinaonekana kama moshi. Sisi tunaishi ndani ya kundi kubwa la nyota, huu mkanda mweupe unaopita juu yetu ni ubavu wake. Kundi kama hilo linaitwa galaksi. Vile viwili ni galaksi nyingine, majirani zetu wa karibu."

Mtu mmoja akakohoa. Alikuwa mkulima aliyetoka Burundi, mfupi, mcheshi, ambaye kijiji kizima kilimwita Jirani, hata watu waliokaa mbali naye.

"Mwalimu, umesema majirani. Umewatembelea?"

Watu wakacheka.

"Hakuna aliyefika, Jirani. Mwanga wake tu ndio unaotufikia, nao ulianza safari kabla hakujakuwa na mtu wa kulima Nyabusozi."

"Sawa. Lakini wasomi wanajua mle ndani mna nini?"

"Wanajua. Mna hewa nyepesi kama ile ya maputo, mna chuma, mna magadi, mna vitu vingi vilivyomo humu duniani. Ila chuma chake ni kidogo kuliko cha kwetu. Mwalimu wangu alitufundisha hivyo."

"Nani alikwenda kuchota?"

Swali hilo liliulizwa kwa upole, na kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mimi pia nilicheka, lakini nilijua kwamba nisipolijibu vizuri, kila nitakalofundisha baada ya hapo litasimama juu ya mguu mmoja. Nikawaambia: kila kitu kikiungua hutoa rangi yake. Chumvi hutoa rangi yake, shaba yake, chokaa yake. Ukiupitisha mwanga wa nyota kwenye kipande cha kioo ukatawanyika kama upinde wa mvua, unasoma humo alama ya kila kitu. Huna haja ya kuchota.

"Tuonyeshe," akasema Jirani. Wengine wakaitikia, "Tuonyeshe, Mwalimu."

Nikawaahidi kesho yake alasiri, ndani ya jiko la Bibi, maana jiko lilikuwa na giza la kutosha.

Sekondari tulikuwa tumetumia moto wa buluu wa maabara. Kwenye jiko la Bibi palikuwa na mafiga matatu na kuni. Sikuiona tofauti hiyo mpaka nilipokuwa nimekwisha simama mbele yao. Nilirusha chumvi kidogo kwa ncha za vidole. Moto wa kuni ni wa manjano tangu mwanzo, na rangi ya chumvi ni manjano vilevile. Hakuna aliyeona kitu.

"Umeshatia?" mtu akauliza.

"Nimetia."

"Tia tena, hatujaona."

Nikatia tena, kijiko hivi. Moto ukarukaruka, chumvi ikapasukapasuka. Waliokuwa mbele wakasema, "Eeh! Imeng'aa!" Waliokuwa nyuma wakasema hawakuona, wakasukumana. Mama mmoja mnene wa mstari wa tatu wa nyumba akapaza sauti, "Ongeza, Mwalimu, usitufanyie ubahili!" Bibi mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa karibu na moto na kufurahi kama mwenye harusi, alichukua kopo kutoka kwenye tundu la ukuta, akachota kiganja, akamwaga. Kisha mtu mwingine akalipokea kopo. Sikumwona ni nani. Lilikwenda nyuma, likarudi, kila mtu akitaka kurusha mwenyewe, maana kila aliyerusha alikuwa na hakika kwamba amekiona kitu. Walikuwa wamechangamka, wanapiga makofi. Lilipofika mkononi mwangu lilikuwa tupu.

Bibi alitazama ndani ya kopo. Akaligeuza, akaligonga chini kwa kiganja. Zikadondoka chembe chache.

"Basi," akasema taratibu. "Tutakula chapwa."

Kila kaya ilikuwa ikipimiwa chumvi kwa kikombe pale duka la ushirika, na hakuna aliyejua ya pili itakuja lini. Watu wakatoka jikoni mmoja mmoja, kama watu waliotoka msibani.

Jioni hiyo hiyo habari zilikwisha kunitangulia. Nilipokwenda kisimani mama mmoja alinisalimu, kisha akauliza bila kucheka, "Mwalimu, bundi alilia kwenu?" Kwao, kama kwetu Mabawe, chumvi hutupwa motoni bundi akilia juu ya paa, ili anyamaze aondoke na mabaya yake. Mwingine akasema, "Si bundi. Mwalimu amepika moto, na moto umekolea." Wanaume wa kwenye kilabu cha pombe ya ndizi waliniona napita, mmoja akainua kibuyu: "Ndugu Mwalimu! Nyota zinasemaje? Zimeshiba?"

Haya yote ningeyavumilia. Lakini mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwenyekiti amepata malalamiko," akasema. "Kuna watu wanasema umechoma chumvi wakati wa vita. Wengine wanasema ni uchawi, hao achana nao. Wengine wanasema ni hujuma, na hao ndio wabaya. Jambo litaingia kwenye mkutano wa kijiji Jumamosi." Alinyoosha mkunjo wa kaptula. "Nitasema ninachokijua juu ya kazi yako. Lakini neno la mwisho kwa afisa elimu ni la Mwenyekiti, si langu. Akisema hufai, hufai."

Nilirudi nyumbani. Bibi alikuwa anapika maharage na ndizi, bila chumvi. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitika "Marahaba, mjukuu wangu" kwa sauti ile ile ya siku zote, akanipakulia. Tukala. Maharage yasiyo na chumvi yana ladha ya udongo wa shamba yalikotoka. Nilikuwa sijui hilo.

"Kesho kabla ya kengele ya shule tunakwenda bondeni," akasema. "Zamani tulikula chumvi gani? Duka limekuja juzi."

Asubuhi na mapema tulishuka kwenye kinamasi na mundu. Alinionyesha matete ya kukata, yale yaliyokomaa na kuanza kukauka, si mabichi. Tuliyaanika juu ya miamba. Siku iliyofuata, jua likiwa bado juu ili tusivunje amri ya moto, tuliyachoma mpaka yakawa majivu ya kijivu laini. Bibi aliyatia ndani ya chungu chenye matundu chini, kilichotandikwa nyasi, akakiweka juu ya chungu kingine, akamwagia maji polepole. Maji yalidondoka chini yakiwa na rangi ya chai hafifu. Hayo aliyachemsha mpaka yakakauka, pakabaki ukoko mchafu wa kijivu. Nililamba. Ilikuwa chumvi, lakini yenye ukali wa pembeni, kama imechanganywa na magadi, ikauma ncha ya ulimi.

"Si kama ya duka," nikasema.

"Si kama ya duka," akakubali. "Hii ni ya matete. Ile ya duka wanasema ni ya maji ya ardhini. Mama yao mmoja, baba mbalimbali."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwalimu wangu wa sayansi alikuwa na kipande cha kioo cha buluu, ukubwa wa kadi. Alitufundisha kwamba chumvi ya kawaida ina kitu kinachong'aa manjano kwa nguvu sana kiasi cha kuzifunika rangi nyingine zote, lakini kioo cha buluu huizuia manjano hiyo. Majivu ya mimea yana kitu kingine, ambacho hung'aa zambarau. Kwa macho matupu huioni. Ukiangalia kupitia kioo, manjano inazimika na zambarau inajitokeza.

Kioo nitakipata wapi Nyabusozi? Nilikaa jikoni nikitazama tundu la ukutani pale kopo lilipokuwa. Pembeni yake Bibi alikuwa ameweka mafuta yake ya nyonyo, ndani ya chupa ya dawa ya tumbo ya zamani. Ilikuwa chupa ya buluu iliyokoza.

Kuhusu moto pia nilikuwa nimejifunza: wa kuni haufai. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuazima stovu yake ya mafuta ya taa, ambayo ukiipampu vizuri hutoa moto wa buluu unaonguruma. Mafuta ya taa nayo yalikuwa adimu. Akauliza:

"Unataka kuongeza kosa juu ya kosa?"

"Nataka kulieleza la kwanza, Mwalimu."

Akakubali. Akaileta mwenyewe Jumamosi, akiibeba mbele ya kifua kama mtoto mchanga.

Mkutano ulifanyika ndani ya darasa kubwa, madirisha yamefungwa kwa mbao, watu wengine wamesimama. Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, aliyezoea kusikiliza akiwa amefumba macho. Aliyaeleza malalamiko bila kuyakuza. Kisha akasema, "Ndugu Mwalimu, jieleze."

Kwanza nilimpa Bibi pakiti ya karatasi mbele ya watu wote, yenye chumvi ya majivu tuliyotengeneza. "Hii ni ya kaya niliyoipunguzia," nikasema.

"Kutengeneza tulitengeneza wote," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Na kuchoma tulichoma wote. Hata wewe, mama wa mstari wa tatu, usijifiche nyuma ya mumeo. Nani alisema ongeza?"

Darasa likaanguka kicheko. Mwenyekiti alifumbua jicho moja, akalifumba.

Kisha nikaomba milango ifungwe. Mwalimu mkuu akapampu stovu mpaka ikanguruma, moto ukawa buluu safi. Nilikuwa nimechukua spoku ya baiskeli, nikailowesha ncha, nikachovya kwenye chembe chache za chumvi ya duka ambazo Bibi alikwangua kutoka kwenye kopo. Nikaiingiza motoni. Moto wote ukageuka manjano, ghafla, na uso wa kila mtu aliyekuwa karibu ukaonekana wa mgonjwa. Safari hii waliona, hata wa nyuma kabisa. Hawakupiga makofi. Walisema "Aa" kwa pamoja, chini chini.

Nikaisafisha spoku, nikachovya chumvi ya majivu. Manjano tena, hafifu kidogo.

"Ni zilezile," mtu akasema.

"Mwenyekiti," nikasema, "tafadhali tazama kupitia hii." Nilimpa chupa, iliyooshwa na kukaushwa. Aliiweka jichoni, akainama. Nikaingiza chumvi ya duka: akasema haoni rangi, moto tu. Nikaingiza ya majivu.

"Zambarau," akasema. "Kama ua la viazi."

Chupa ilizunguka darasani kama kopo lilivyozunguka jikoni, ila safari hii spoku ilikuwa mkononi mwangu, na chumvi iliyotumika haikujaza ukucha. Kila mtu aliona. Jirani alikuwa wa mwisho. Alitazama, akaishusha chupa, akaitazama chupa yenyewe, akatazama tena.

"Kwa hiyo," akasema, "bila kulamba, bila kugusa, umejua ipi ya bondeni, ipi ya duka."

"Ndiyo."

"Na nyota vivyo hivyo."

"Vivyo hivyo. Wana vioo bora kuliko chupa ya Bibi, lakini kazi ni hiyo."

"Na uliwahi kusema kile kiwingu kikubwa kina chuma kidogo kuliko kwetu. Kwa nini?"

Niliwaeleza nilivyofundishwa. Galaksi zilipoanza hazikuwa na chuma. Chuma hupikwa ndani ya nyota, na nyota ikifa hukitapanya, kikaingia kwenye nyota zinazozaliwa baadaye, nazo zikaongeza chao. Kila kizazi cha nyota huacha majivu yake. Chuma kikiwa kingi, ujue moto umewashwa mara nyingi.

Jirani alifikiri. Kisha akasema neno ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo.

"Mwalimu, mimi nimehama mara mbili. Ukifika kiwanja cha watu usiowajua, tazama jaa la majivu nyuma ya nyumba. Likiwa dogo, kuna mawili. Ama kaya ni changa, imehamia juzi kama sisi hapa. Ama ni kaya ya siku nyingi, lakini ya watu wasiopika. Sasa hao majirani zetu wa juu, ni wageni au ni wavivu?"

Watu wakacheka, lakini wakageuka kunitazama mimi. Sikujua. Mwalimu wangu hakutuambia. Nikasema, "Sijui, Jirani."

Mwenyekiti alifumbua macho yote mawili.

"Ndugu wananchi," akasema, "mnasemaje kuhusu chumvi?"

"Imelipwa," Bibi akasema kabla ya mwingine.

"Imelipwa," wengine wakaitikia, na yule mama mnene kwa sauti kuliko wote.

"Basi. Uchawi sikuuona, hujuma sikuiona. Lakini swali la Jirani halijajibiwa. Mimi nitamwambia afisa elimu kwamba mwalimu huyu haondoki hapa mpaka atakapolijibu."

"Na akishindwa?" mtu akauliza.

"Akishindwa, ndiyo atakaa sana."

Alilisema bila kutabasamu, akaufunga mkutano. Mwalimu mkuu alizima stovu, akaangalia kiasi cha mafuta yaliyobaki, akatikisa kichwa. Mlangoni aliniambia, "Jumatatu uwahi." Nilikuwa nimethibitishwa kazini, ingawa barua yenyewe ilichelewa mpaka vita vilipokwisha.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mazuri kuliko yote niliyokaa Nyabusozi. Kina mama wengine walishuka bondeni na Bibi, na chumvi ya majivu ikarudi katika kijiji, ikitukanwa na kuliwa. Jioni tulikaa uwanjani gizani, na Jirani aliniuliza kila mara, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Habari za wale wa juu? Wageni au wavivu?" Mvua zilipokuja, mawingu ya kweli yakaufunika upande wa kusini. Taa ziliporuhusiwa tena, tukarudi kwenye herufi.

Nilifundisha Nyabusozi miaka mingi, kisha Ngara. Swali nililichukua popote nilipokwenda. Jibu lake lilinijia kwa vipande. Kimoja nilikipata kwenye maktaba ya chuo nilipokwenda masomoni, vingine kwenye majarida yaliyofika yamechakaa, na siku hizi vinakuja kwenye simu.

Kipande cha kwanza: si wageni. Wingu lile kubwa lina nyota za zamani sana, zenye umri unaokaribia ule wa nyota kongwe za galaksi yetu. Chuma chake ni chini kidogo ya nusu ya kile kilichomo katika jua letu, na cha wingu dogo ni karibu sehemu moja ya tano. Ni kaya za siku nyingi zenye jaa dogo. Jirani alikuwa bado hai nilipolipata hilo. Nilikwenda kumwambia. Alikuwa anapalilia mihogo, akasimama, akaegemea jembe. "Wavivu, basi," akasema, ameridhika kabisa. "Nilijua."

Lakini kipande cha pili kilinionyesha kwamba nilimjibu mapema mno. Wataalamu walipohesabu umri wa vishada vya nyota, yale makundi ya nyota zinazozaliwa pamoja kama watoto wa tumbo moja, waliona kwamba wingu kubwa halikuwa na mwendo mmoja wa uvivu. Lilizaa vishada vingi hapo mwanzo kabisa. Kisha likaacha. Kwa mabilioni ya miaka karibu hakuna kishada kilichozaliwa, ingawa nyota za mojamoja ziliendelea kuzaliwa polepole na chuma kikaongezeka kidogo kidogo. Baadaye, katika miaka bilioni chache iliyopita, likaanza tena kwa nguvu, na linaendelea mpaka leo. Wapo wanaosema wingu dogo lilisogea karibu likaupekecha moto uliofifia. Wapo wanaosema vishada vya kipindi kile vilizaliwa vikavunjika, ndiyo maana havionekani. Hawajakubaliana.

Jirani hakukisikia kipande hiki. Nilikisoma mwaka mmoja baada ya kumzika.

Na ndani ya pengo hilo refu, kwa miaka mingi, wataalamu walikijua kishada kimoja tu. Kiko pembezoni mwa wingu kubwa, peke yake, kikiwa na umri ambao hakuna ndugu yake anayeukaribia. Baadhi yao wanadhani kilizaliwa hapo hapo wakati wingu lilipokuwa limelala. Wengine wanadhani hakikuzaliwa hapo, kilitoka katika galaksi nyingine ndogo na kuhamia, kama Jirani alivyohamia kwetu. Wamekipima chuma chake, wamepima mwendo wake. Kilikotoka bado hakujulikani.